Hivi kodi ya chumba Dar ni ghali, au kinachotuua ni miezi sita kwa mkupuo?

#1 Mpangaji Mwandamizi
Wakuu, habari za jioni.

Kuna dada anafanya usafi pale ninapofanyia kazi, mshahara wake 180,000. Anakaa chumba kimoja Mbagala, choo cha kuchangia, maji ya kununua kwa ndoo. Alikuwa analipa 50,000. Mkataba umeisha, mama mwenye nyumba kapandisha hadi 60,000 na anataka miezi sita yote mkononi, yaani 360,000. Huo ni mshahara wa miezi miwili bila kula wala kupanda daladala. Akisema ahame, huko anakokwenda nako ni miezi sita, juu yake mwezi wa dalali, juu yake kirikuu cha kubebea vyombo. Imeshavuka laki nne. Kaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa.

Sasa hoja yangu. 60,000 ni theluthi ya mshahara wake. Inauma lakini inalipika. Ukimwambia ailete kila mwisho wa mwezi ataileta. Kinachomvunja si bei, ni mkupuo. Mshahara unakuja kwa mwezi, umeme wa LUKU tunanunua wa elfu mbili mbili, sukari tunapimiwa robo. Kwa nini kodi peke yake iwe ya nusu mwaka? Nani aliuanzisha utaratibu huu? Na je, nchi hii kuna msaada wowote wa kodi kwa mtu wa kipato hicho, au tunaimbiwa tu nyumba za bei nafuu?

#2 Kidawa wa Tandika
Nimekaa mbele na karanga zangu. Wenye nyumba wamo humu, waje.

#3 Baba Mjengo
Nimekuja. Nina vyumba sita Chanika na sikurithi hata tofali. Kiwanja nilinunua kwa mtu, tofali nikafyatua kidogo kidogo, bati nikapaua kwa awamu. Benki hakuna aliyenisikiliza maana sina hati, nina karatasi ya serikali ya mtaa tu. Chumba cha kwanza kilipopata mpangaji wa miezi sita, hela ile ndiyo iliyoweka milango ya chumba cha pili.

Ukinipa 40,000 kila mwezi inaishia sokoni, sijengi kitu. Ukinipa 240,000 mara moja nanunua saruji na nondo, mwenyewe unaona. Halafu ada ya shule Januari mnalipa mwezi mmoja mmoja? Mbona shule hamziandikii uzi?

#4 Mtoto wa Uani
Kwa hiyo Baba Mjengo sisi ndio benki yako, tena haina riba wala dhamana. Basi nyumba ikiisha tugawane vyumba.

#5 Baba Mjengo
Dhamana si hicho chumba unacholala?

#6 Mwanasheria wa Kijiweni
Tuweke kumbukumbu sawa. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Kulikuwa na mabaraza ya nyumba. Unakwenda unalalamika kodi imezidi, wanakaa wanapanga kodi ya haki. Mwenye nyumba hakuweza kukutoa hivi hivi bila amri. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Tangu hapo upangaji unaangukia Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na makubaliano yenu wawili. Hakuna kifungu kinachosema kodi isizidi kiasi fulani, wala kwamba isidaiwe ya miezi sita.

Kwa hiyo swali la nani aliuanzisha jibu lake ni hilo. Kinga iliondolewa 2005, mwenye nyumba akabaki na kauli.

#7 Mzee wa Gerezani
Kijana, miezi sita haikuanza 2005. Mimi nimelipa hivyo Ilala miaka ya tisini, sheria yako ikiwa hai kabisa. Wala udhibiti haukuanza 1984, ilikuwepo sheria ya 1962 kabla yake.

Huo udhibiti ulikuwa kwenye makaratasi. Kodi rasmi ndogo, lakini ufunguo hupewi bila kilemba, hela ya pembeni, na kilemba hakina risiti. Anayetoka anamuuzia anayeingia, mwenye nyumba anachukua chake. Mwenye hela ndiye aliyefaidi ile kodi ya haki.

Sababu ya kweli ni uhaba. Nyerere alipotaifisha nyumba zote za kupangisha 1971, watu wakaacha kujenga za kupangisha mjini.

#8 Mwanasheria wa Kijiweni
Shikamoo mzee. Ya kilemba nakubali, ila pale pa "zote" hapana. Sheria ya 1971 iligusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Magomeni, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zilibaki kwa wenyewe. Zilizochukuliwa ziliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na NHC, Shirika la Nyumba la Taifa.

#9 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Mwenye hela ya kujenga ghorofa hakungoja asome thamani imeandikwaje. Aliogopa, hela akapeleka kwingine. Nilikuwepo.

#10 Kidawa wa Tandika
Mzee kamaliza kwa "nilikuwepo". Hapo huna cha kujibu.

#11 Neema Online
Lakini hii si ndiyo kazi ya NHC? Shirika lilianzishwa 1962 ili mtu wa chini naye apate pa kukaa. Na mfano upo, zile fleti walizojenga Magomeni Kota wakapewa wenyeji. Kwa nini zisijengwe hivyo Temeke, Tandale, kila mahali?

#12 Ubungo Maziwa
#11, Magomeni Kota walijenga TBA, wakala wa majengo wa serikali, si NHC. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye kota zikavunjiwa, zikaja kujengewa fleti 644, Rais Samia akazindua Machi 2022. Zile ni za waliovunjiwa, majina yao yalikuwepo tangu mwanzo. Huyo dada wa #1 angepita wapi?

NHC nao wanajenga na kuuza, lakini wanajiendesha kama kampuni. Nyumba ya makumi ya mamilioni unamwita nani aje ainunue, mtu wa 180,000?

#13 Mama Wali Maharage
Naomba niseme na mimi niliye chini kweli, maana naona wanaobishana wengi wanalipwa kwa benki.

Nauza chakula Buguruni. Chumba changu 60,000, nalipa miezi sita, na kausha damu sijakanyaga. Tunacheza mchezo wa kuchangiana kwa zamu, watu kumi na wawili, 15,000 kila wiki. Anayepokea anaondoka na 180,000. Kwa nusu mwaka zamu yangu inafika mara mbili, ndiyo hiyo 360,000 ya kodi. Naongea na kijumbe anayekusanya hela mapema zamu ya pili iangukie karibu na mkataba kuisha.

Na nikwambie kitu Mpangaji Mwandamizi. Mimi hiyo ya kila mwezi siitaki. Mwenzio una mshahara. Mimi ikifika Ramadhani mchana siuzi, mvua za Aprili wateja hawaji. Ningekuwa nalipa mwezi kwa mwezi, Ramadhani hiyo hiyo ningeshatolewa vyombo nje. Nikilipa sita nalala, hata nikikosa hela ya mboga najua mlango ni wangu.

#14 Mpangaji Mwandamizi
Mama, hapo umenigusa. Lakini basi iwe hiari. Wewe uchague sita, dada yangu wa usafi achague mwezi. Sasa hivi hachagui mtu. Na mchezo wenyewe si siku zote, mtu akipokea akakimbia je?

#15 Mama Wali Maharage
Ilishatokea. Dada mmoja alipokea zamu ya mwanzo akahamia Morogoro na simu akazima. Mwenye nyumba nilimpelekea nusu, nusu nikamlipa baadaye. Alinuna lakini alipokea. Ndiyo maana sasa zamu za mwanzo tunawapa wenye nyumba zao, hao hawakimbii.

#16 Mtoto wa Uani
Kumbe hata kwenye mchezo mpangaji hakopesheki 😂

#17 Mkaaji wa Pipeline
Hamjambo majirani. Huku Nairobi ni kila mwezi, mwisho tarehe 5. Unaingia na kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, unapewa ufunguo. Nikisoma miezi sita nashangaa mnaishi vipi.

Lakini msidhani ni raha. Ikifika tarehe 10 hujalipa, unarudi jioni unakuta kufuli la pili mlangoni, na vitu vyako viko ndani. Mambo ya kortini ni ya wenye nafasi. Na hizi ploti za Pipeline, majumba ya kupangisha, zimebanana hadi mchana unawasha taa.

Sheria ya kudhibiti kodi tunayo tangu 1959. Inamlinda mpangaji wa nyumba ya shilingi 2,500 kushuka chini. Nitafutieni keja, yaani chumba, ya 2,500 Nairobi nje ya mabanda ya mabati. Kisha kuna makato ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara wangu, mwajiri naye anaongeza 1.5. Korti iliyapinga mwishoni mwa 2023, Bunge likapitisha sheria mpya Machi 2024, makato yakaendelea. Nakatwa kila mwezi na kodi nalipa kila mwezi.

#18 Baba Mjengo
Mmeona? Mwezi kwa mwezi na kufuli la pili. Mimi mpangaji wangu sijawahi kumfungia mlango, maana tunaonana mara mbili kwa mwaka na tunasalimiana vizuri.

#19 Mwanasheria wa Kijiweni
Na hili Mkaaji wa Pipeline kalileta ndilo watu hawalioni. Upangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi yake nayo ni ya mwezi. Leo unalipa miezi sita, ndani ya mkataba huo hakugusi wala hapandishi bei. Ukilipa kila mwezi anaweza kukupandishia kila baada ya notisi, na hapo ufuatiliaji wa bei hakuna, tulishaufuta. Anayepigania kodi ya mwezi bila kupigania kinga ya kutotolewa ovyo atajuta.

Na msikimbilie baraza la kata mkidhani litawaamulia. Tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko jipange na nauli.

#20 Dalali Msomi
Naona uzi unanukia jina langu. Niseme kidogo.

Watu mnasema dalali anapandisha bei. Dalali hapangi bei. Mama mwenye nyumba ananiuliza "jirani anapangisha ngapi?", namwambia 70,000, anasema basi na mimi. Mimi nimejibu swali tu. Ule mwezi mmoja ninaochukua ni wa kutembea juani, kupiga simu, kuwaleta watu kumi wanaosema "nitarudi". Na mara nyingi hatuli peke yetu, tuko watatu kwenye chumba kimoja.

#21 Kidawa wa Tandika
"Nimejibu swali tu." Na ile elfu kumi ya kuonyeshwa chumba ambacho kimeshapangishwa toka juzi, nayo ni swali gani?

#22 Dalali Msomi
Hao ni matapeli, si madalali. Kila kazi ina wahuni wake.

#23 Fundi Grili
Dalali Msomi, ngoja nikuambie mnavyopandisha. Mwezi mmoja unaupata pale tu mtu anapohama. Mpangaji akikaa miaka mitano wewe hupati kitu. Kwa hiyo unamfuata mwenye nyumba unamwambia "huyu anakulipa 50,000, nina mtu wa 70,000". Mwenye nyumba anaingia tamaa, mpangaji anatoka, wewe unakula kwa anayeingia. Mtaani kwetu Kigogo nimeona nyumba moja imegeuzwa wapangaji wote kwa mtindo huo, na mimi ndiye niliyeitwa kuweka grili mpya.

#24 Dalali Msomi
Na hela ya grili ulipokea.

#25 Fundi Grili
Nilipokea, ndiyo. Nusu. Nusu nyingine bado naidai.

#26 Ubungo Maziwa
😂😂 Turudi kwenye mada. Kuna kitu hakijatajwa. Kodi ya majengo kupitia LUKU, ilianza Agosti 2021, 1,000 kila mwezi. Mwenye jengo ndiye anayedaiwa, lakini anayenunua umeme nani? Mpangaji. Nyumba yetu wapangaji watano tuna mita moja, mwezi ukianza kila mtu anasubiri mwenzake anunue kwanza ili akatwe yeye. Mtu analala giza kwa kukwepa elfu moja.

#27 Neema Online
Si elfu moja tena. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa 90,000 kwa mwaka kila sakafu.

#28 Ubungo Maziwa
Hiyo mia tano ya juu ndiyo kabisa ya kulala giza.

#29 Mwanasheria wa Kijiweni
Kuna na asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango, ile iliyozua kelele 2022. Kisheria hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anaizuia kwenye kodi anayolipa na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Sasa nionyesheni mpangaji wa Mbagala atakayemwambia mama mwenye nyumba "nakukata asilimia 10 naipeleka TRA". Ataambiwa aipeleke pamoja na godoro lake. Mwishowe inaongezwa kwenye bei.

#30 Mubukavu
Ndugu zangu, miye ni wa Bukavu, sasa niko Marekani. Ninasoma huu uzi nikicheka na kusikitika.

Kwetu Kongo ni garanti, yaani dipoziti. Sheria ya mwisho wa 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Wenye nyumba wanaomba sita, wengine hata zaidi, tena kwa dola. Ukiwaambia sheria, wanakuambia nenda ukapange kwenye sheria. Kwa hiyo wale wanaosema "serikali ipige marufuku", sisi marufuku tunayo.

Huku Marekani msaada wa kodi upo kweli, wanauita Section 8, ulianza 1974. Unalipa karibu asilimia 30 ya mapato yako, inayobaki serikali inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, mpaka kiwango walichoweka. Mapato yakishuka, sehemu yako nayo inashuka. Familia ya rafiki yangu iliwasaidia sana baba alipoumia kazini.

Lakini si haki ya kila mtu. Katika familia nne zinazostahili, kama moja tu ndiyo inasaidiwa. Orodha ya kungoja inafungwa, watu wanangoja miaka. Na ukiipata hiyo vocha una siku kama 60 za mwanzo za kutafuta mwenye nyumba anayekubali. Wengi wanasema hapana. Vocha inaisha mkononi.

#31 Mpangaji Mwandamizi
Mubukavu asante, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mnaonaje kitu kama hicho hapa, hata kidogo? Serikali isitoe bure, ikopeshe ule mkupuo tu. Mfuko unamlipa mwenye nyumba miezi sita, mpangaji anaurudishia kila mwezi bila riba. Baba Mjengo anapata saruji yake, dada wa usafi analipa 60,000 yake.

#32 Fundi Grili
Siku mfuko huo unatangazwa kwenye redio, chumba cha 60,000 kinakuwa 80,000 kabla taarifa ya habari haijaisha. Mwenye nyumba akijua hela inatoka serikalini atakuhurumia kwa lipi?

#33 Baba Mjengo
Fundi unanisingizia lakini sikukatalii.

#34 Chausiku B
Na nani atajua kipato cha nani? Machinga hana hati ya mshahara. Labda watumie orodha ya TASAF, ile ya kaya maskini zinazotajwa kwenye mkutano wa mtaa.

#35 Neema Online
TASAF haitoi kodi ya nyumba, inatoa ruzuku kwa kaya maskini sana. Huyo dada ana ajira, hawezi kuingia humo. Kundi lake ndilo halina mwenyewe. Si maskini wa TASAF, si wa mkopo wa nyumba wa benki. Kipato chake kinatosha kila mwezi ila hakijikusanyi.

#36 Forodhani
Asalaam aleykum. Nyinyi wa Bara mnatafuta kisichokuwepo. Huku Unguja baada ya Mapinduzi Mzee Karume alijenga yale majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu wakapewa wakae bila kodi. Huo ndio msaada wa nyumba.

#37 Dalali Msomi
Waaleykum salaam. Na leo hii ukitaka kukaa Michenzani unapewa, au unamtafuta dalali?

#38 Forodhani
Unamtafuta dalali 😅 Lakini mengi yamo ndani ya familia za waliopewa. Ugomvi ni bomba la juu linapovuja, wa juu anasema si lake, wa chini anasema si lake, na kodi ya kutengenezea hakuna kwa sababu hakuna anayelipa kodi.

#39 Kivule Mpaka Posta
Mimi nadhani mnahesabu nusu ya gharama. Nilikaa Kivule chumba 35,000, nikajisifu. Kazi yangu Posta. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, 600 kila moja. 2,400 kwa siku, siku 26 za kazi ni 62,400. Nauli karibu mara mbili ya kodi! Nikahamia Kigogo, chumba 70,000, daladala moja tu kila upande. Jumla ikawa 101,200 badala ya 97,400. Naongeza elfu nne kasoro kwa mwezi, napata saa mbili zangu kila siku.

Sasa uje na nyumba za bei nafuu, zitajengwa wapi? Mbali. Kiwanja cha bei nafuu kiko mbali siku zote. Angalieni Dege kule Kigamboni, yale maghorofa ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Zilipangwa nyumba maelfu, ujenzi ukasimama miaka, yakabaki magofu yanaangalia bahari. Tuseme yangekamilika, mfagiaji wa Kariakoo angevuka kila siku kwa nauli gani?

#40 Mzee wa Gerezani
Nilisema uhaba, mkanirukia kwa 1971. Mwenzangu hapo juu anasema uhaba wa mahali. Ni ule ule. Vyumba viko tele Chanika, karibu na kazi havipo.

#41 Mwanasheria wa Kijiweni
Mzee, kama ni uhaba tu, mbona Chanika kwa Baba Mjengo ambako vyumba viko tele bado ni miezi sita? Uhaba ungepandisha bei, haungelazimisha mkupuo. Jibuni hilo.

#42 Baba Mjengo
Nilishajibu #3. Saruji. Sina hati, benki hawanipi.

#43 Neema Online
Baba Mjengo, zipo leseni za makazi, na kuna benki zinazozipokea kama dhamana.

#44 Baba Mjengo
Binti yangu, nimeuliza. Riba yao na kausha damu ni ndugu, wametofautiana suti tu. Na chumba kikikaa mtupu miezi mitatu wanakuja kuchukua nyumba. Mpangaji wa miezi sita haji kuchukua nyumba.

Halafu kuna jambo hamtaki kulisema. Nilijaribu mwezi kwa mwezi kwa kijana mmoja, nilimwonea huruma. Mwezi wa kwanza kalipa, wa pili kalipa nusu, wa tatu "mzee, jumamosi". Jumamosi ikawa wimbo. Siku moja tukaamka kahama usiku, kaondoka na balbu, kitasa, na mfuniko wa choo. Mfuniko wa choo! Anakwenda nao wapi?

#45 Mtoto wa Uani
Alikuwa anakusanya vifaa vya kujengea. Na yeye hana hati 😂

#46 Chausiku B
Mbavu zangu jamani.

Ila tusisahau mshahara. Watu wanazungumza kodi kana kwamba 180,000 imeshuka na mvua. Amri ya mishahara ya 2022 ilikuwa imeweka kima cha chini cha biashara na viwanda 150,000, kabla ya amri mpya iliyoanza Januari 2026. Mtumishi wa serikali Julai 2025 kima chake kilitoka 370,000 kikafika 500,000. Wa kampuni ya usafi anakodishwa kwa zabuni, na anayeshinda zabuni ni aliyeandika bei ndogo. Mnamlaumu mwenye nyumba wa vyumba sita, bosi wa zabuni hamumtaji.

#47 Mpangaji Mwandamizi
Kweli, na kuna waajiri wanaokopesha kodi kisha wanakata kidogo kidogo. Ofisi yangu wanatukopesha sisi wa ajira za kudumu. Wa usafi si "wetu", ni wa kampuni. Jengo moja, choo wanasafisha wao.

#48 Mama Wali Maharage
Mwambie huyo dada aje tumwingize kwenye mchezo. Zamu ya katikati lakini, ya mwanzo hapana.

#49 Mkaaji wa Pipeline
Na mimi mniweke, nitatuma kwa M-Pesa.

#50 Mama Wali Maharage
Wewe wa kufungiwa kufuli la pili? Zamu ya mwisho kabisa.

#51 Dalali Msomi
Wakati mnabishana, kuna chumba Kitunda, 45,000, miezi mitatu inakubalika, umeme wa submita, kina dari. Anayetaka aje inboksi.

#52 Kidawa wa Tandika
Hela ya kuonyeshwa?

#53 Dalali Msomi
Kwa watu wa uzi huu bure.

#54 Baba Mjengo
Miezi mitatu kwa 45,000 na dari? Huyo lazima hana maji.

#55 Dalali Msomi
Kisima kipo.

#56 Fundi Grili
Nakifahamu hicho chumba, nimeweka grili pale. Kisima ni cha jirani, na jirani wameshagombana.